Kengele Iliyojazwa Nyasi

Bibi amemfunga ndama wake kengele ya mbwa, na tangu nirudi likizo nimeshindwa kutulia. Nikimenya ndizi, ndama anatikisa shingo kule migombani, kengele inalia, kisu kinasimama. Nikienda kufua, inalia. Nimekaa hapa barazani kuandika mara tatu, na mara tatu nimeinuka kwenda kuangalia maji ambayo hata sijayabandika. Jana bibi akanitazama, akaniuliza, "Wewe, huko shuleni wamekuwekea siafu?" Nikasema hapana, bibi. Akasema, "Basi kaa. Unanizungusha kichwa."

Kengele yenyewe ni ya chuma, ndogo kama ngumi ya mtoto, imebonyea upande mmoja. Kwa ndama inalia ovyo tu. Ilitengenezwa kwa shingo nyembamba na miguu ya mbio, na kama hukukulia kwetu Lufingo miaka ile huwezi kujua tofauti, kwa hiyo acha nikuambie. Kwa mdomo siwezi. Darasani mwalimu akinitaja tu jina, moyo unanipanda mpaka masikioni na jibu ninalolijua linapotea. Lakini kwenye daftari nasema, na hili nimelibeba tangu darasa la tatu.

Babu alikuwa na mbwa wasiobweka.

Najua unavyofikiri, kwa sababu hata wenzangu bwenini nilipowaambia walicheka, mmoja akasema labda walikuwa mbuzi. Walikuwa mbwa. Wadogo, wembamba, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo kama mkono wa kikombe. Rangi yao ilikuwa ile ya jani la mgomba likishakauka, na kwenye paji la uso walikuwa na makunyanzi, kila mmoja kama mtu anayejaribu kukumbuka ameweka wapi ufunguo. Walijilamba kama paka. Mvua ikinyesha, na kwetu mvua ikianza haina haraka ya kuondoka, walikaa chini ya kihenge wakaitazama kwa chuki, hawatoki mpaka waitwe.

Si kwamba hawakuwa na sauti. Walikuwa nayo, ya kupanda na kushuka, kama mtu anayeanzisha wimbo kanisani kisha anagundua ameanza juu mno. Waliitoa kwa nadra, babu akirudi safari, au bibi akipika uji wa maziwa. Ila mgeni akija, kimya. Mnyama akionekana, kimya zaidi. Ndiyo maana walivalishwa kengele. Mbwa akishaingia kwenye matete na ukungu wa Rungwe ukashuka, bila kengele humjui yuko wapi wala anafanya nini.

Sasa sikiliza jambo ambalo babu alilipenda kuliko yote. Njiani kengele haikutakiwa kulia, maana nguruwe pori ana masikio. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani aling'oa nyasi kavu, akazisokota, akazijaza ndani ya kengele mpaka ule ulimi wake ukakamatwa. Mbwa wakatembea kimya, watu wakatembea kimya. Wakifika ukingoni mwa shamba babu alipiga goti, akazichomoa nyasi kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemtoa mtu kibanzi jichoni. Hilo aliliita "kumfungulia sauti." Kisha anampiga mbwa kofi dogo mgongoni, na unasikia tu kengele inakimbia peke yake ndani ya ukungu.

Kuhusu walikotoka, babu alikuwa na maelezo yake na sijui nani angeweza kumpinga. Alisema babu wa baba yake alipanda milima mpaka Ukinga kwa wafua chuma kutafuta majembe, akamkuta jike mmoja amelala karibu na mivukuto, hatishiki na nyundo wala cheche. Akaacha majembe, akamchukua mbwa, akarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe hakumpikia siku tatu. Mwaka huo nguruwe wakala mahindi ya kila mtu isipokuwa yao, ndipo akapikiwa. Babu alikuwa akifika hapo anamtazama bibi, na bibi anasema, "Mimi ningekunyima wiki."

Zamani walisaka hadi msituni. Mimi hilo sikulikuta. Nilipopata akili msitu ulikuwa umeshawekwa mipaka na hakuna anayeingia na mbwa. Nilichokikuta ni kulinda. Nguruwe wanatoka msituni alfajiri kuchimbua viazi, na babu anaitwa. Nakumbuka asubuhi hizo kwa harufu: udongo uliofukuliwa, moshi wa majani mabichi, buti za mpira zilizoachwa mlangoni, na mbalaga, ndizi zilizoiva kwa maharage, ambazo bibi aliziacha jikoni juu ya jivu ili wakirudi wazikute na moto. Jirani yetu Mwislamu, mwenye duka la chumvi na sabuni, hakula nguruwe na mbwa hakumgusa, lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kumwita babu. Alisimama mbali, akapaza sauti, "Mzee, wale jamaa zako wamekuja tena kwangu." Babu akajibu, "Jamaa zangu au wako, mbona wanapenda viazi vyako?" Kila mara walisema hivyohivyo, na kila mara walicheka.

Watu walimjua babu si kwa kusaka tu. Walimjua kwa kuchagua. Jike akizaa, babu alisubiri watoto wafumbue macho na waanze kujikokota. Asubuhi yenye baridi alimfungia mama ndani, akawatoa watoto wote nje, akawapanga juu ya jani la mgomba lenye umande. Halafu akamfungulia mama. Mama anawakuta wanalia kwa baridi, anaanza kuwabeba mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo kuwarudisha ndani. Wa kwanza kubebwa ndiye anayebaki nyumbani. Wengine wanagawiwa.

"Mimi naona manyoya," babu alikuwa akisema. "Mama anaona yaliyomo."

Na yeye hakumtazama mama tu. Alimtazama na mtoto anavyoning'inia, kama anakunja miguu au anaitupa hovyo, kama analia au ananyamaza akishabebwa. Walitoka watu Igogwe na Lupepo wakamwomba aende akasimamie majani yao. Akirudi alikuwa amepewa kuku au chane ya ndizi, anatembea katikati ya njia, kofia imekaa upande.

Mimi nilikuwa naishi nao kwa sababu mama anafanya kazi Mbeya. Babu aliniita bibi mdogo. "Bibi mdogo, leta kiti." "Bibi mdogo, bibi mkubwa amekasirika, nenda ukamwone." Sikuwa na rafiki shuleni, tuseme ukweli. Nilikuwa nikirudi nyumbani mbio nikakaa chini ya kihenge na mbwa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini siongei, maana na wao hawakuongea.

Mwaka huo wa darasa la tatu Waseme alizaa. Waseme ndiye aliyekuwa jike pekee aliyebaki kwa babu, jina alipewa wakati jirani mmoja anamsema vibaya babu. Alizaa watoto watano. Mmoja, dume, alikuwa na soksi nyeupe miguuni na alizoea kulala juu ya nyayo zangu. Nikisimama analia. Nikikaa anapanda tena. Hakuna kiumbe aliyewahi kunililia mimi niondokapo, na nikaanza kuhesabu siku za lile jani la mgomba kama mgonjwa anayesubiri sindano.

Kulikuwa na mwingine, jike, mweusimweusi, mdogo, aliyekaa pembeni akitazama kila kitu kwa yale makunyanzi yake. Nilijua atachaguliwa yeye. Hata mtoto angejua.

Asubuhi yenyewe babu aliniambia nisaidie kuwatoa. Nilikuwa nimeamka kabla yake. Bibi alikuwa na siagi kwenye kibuyu, ile anayoitikisa mwenyewe, inanukia maziwa mpaka mlangoni. Nikachovya vidole viwili, nikampaka mwenye soksi shingoni, pale hasa mama anapong'ata. Nikamfunika na kiganja. Nikamweka juu ya jani pamoja na wengine na nikaenda kusimama nyuma ya babu, mikono mgongoni.

Waseme akafunguliwa. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mweusi. Nakuapia, alikwishamwinamia. Kisha pua ikageuka. Akamwacha, akamfuata mwenye soksi, akamlamba shingo, akamlamba tena, akambeba. Mtoto akalia njia nzima huku miguu yote minne inapiga hewa.

 Babu alikuna kidevu. Akatazama jani, akatazama mlango, akamtazama yule mweusi ambaye alibebwa wa pili, kimya, amekunja miguu kama barua. "Haya," akasema mwishoni. "Mama ameona." Lakini akamwita mwenye soksi Tutaona.

Yule mweusi alichukuliwa wiki chache baadaye na fundi wa majembe wa Lupepo, ndani ya kikapu, chini ya nguo. Nilimwona akitoa kichwa na kutazama nyuma. Nilikuwa nimemshika Tutaona mikononi, na kitu kimoja tu nilichokihisi ni furaha. Naandika hivi kwa sababu ni kweli.

Tutaona akakua. Na siku moja akabweka.

Mara ya kwanza bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani ni mbwa wa watu. Alibwekea kuku. Alibwekea upepo, kofia ya babu, kengele yake mwenyewe. Watu wakipita njiani wakasema, "Mzee, leo umefuga redio." Babu alicheka nao, na kicheko chake kikaishia mdomoni. Kwangu mimi alikuwa mbwa mzuri kuliko wote duniani. Alinisindikiza mpaka karibu na shule na alinisubiri palepale.

Kisha nguruwe wakaja kwenye viazi vya jirani yetu mwenye duka. Babu akawachukua wote wawili, Waseme na Tutaona, kwa sababu mbwa mmoja hatoshi. Mmoja anamshika nguruwe macho kwa mbele, mwingine anamsumbua kwa nyuma, ndivyo walivyofundishana wao wenyewe tangu zamani. Sikuwepo, nilisimuliwa. Kengele mbili ziliingia kwenye matete. Moja ikarudi. Tutaona alitoka anabweka, akapita katikati ya miguu ya watu, akaenda mpaka nyumbani, nikamkuta amejificha chini ya kitanda changu anatetemeka. Kengele nyingine iliendelea kulia ndani ya ukungu peke yake. Halafu ikanyamaza.

Babu alimbeba Waseme kwenye koti. Kengele ilikuwa imebonyea upande mmoja.

Alimzika nyuma ya migomba. Jirani mwenye duka alikuja, akasimama mbali kama kawaida yake, lakini siku hiyo hakusema utani wowote, alisema pole tu na akakaa pale mpaka babu alipomaliza. Jioni babu alikaa barazani, bibi akamletea chakula, hakula. Nilikuwa ndani, mlango uko wazi. Nikamsikia akisema, "Huyu hakufa kwa nguruwe. Amekufa kwa macho yangu. Nilimsoma vibaya yule mtoto."

Bibi akasema, "Mama yake ndiye alimbeba."

"Mama yake alikwenda kwa yule mwingine. Mimi niliona. Niliona nikanyamaza, kwa kuwa nilidhani macho yangu ndiyo yamekosea. Sasa sijui tena yapi yanakosea."

Hapo ndipo nilipotakiwa kutoka. Hatua sita, saba. Nilikaa juu ya kitanda, Tutaona akapanda juu ya nyayo zangu, na sikutoka.

Baada ya hapo watu walikuja kumwomba akasimamie majani yao, akawa anawaambia miguu inamuuma. Miguu yake haikuwa na tatizo. Taratibu wakaacha kuja. Nguruwe nao wakazoea sauti ya mabati na matarumbeta ya plastiki ambayo watu walianza kutumia kuwafukuzia, na lile eneo la matete likalimwa, leo kuna parachichi kwa mistari mpaka juu. Babu akawa mtu wa kukaa. Mimi nikafaulu, nikaenda shule ya bweni. Tutaona alikufa mwaka jana, bibi alinipa habari kwa simu ya matroni, na nikalia chooni bila kujua namlilia nani hasa.

Sasa nifike kwenye wiki hii, maana ndiyo inayonitembeza.

Siku ya pili ya likizo alikuja kijana wa Igogwe na pikipiki, ana watoto wa mbwa watatu kwenye ndoo. Alisema baba yake alimwambia zamani kulikuwa na mzee Lufingo anayejua kuchagua. Alimwamkia babu vizuri, "Ugonile, tata," ingawa ukimsikia unajua Kinyakyusa chake ni cha salamu tu. Babu aliichungulia ndoo. Nilimwona. Mkono wake ulikwenda wenyewe mpaka ukingoni mwa ndoo, kisha akaurudisha mfukoni.

"Nenda kwa mwingine, mwanangu."

"Hakuna mwingine, mzee."

"Basi chagua mwenyewe. Macho yangu yalikwisha, na si kwa uzee. Yaliniulia mbwa."

Kijana akaondoka na ndoo yake. Kengele ya ndama ikalia. Nikaenda mtoni, nikarudi. Nikafagia uwanja uliokwishafagiliwa. Nikamenya ndizi za kesho. Nilikuwa najiambia, ni mzee, yamepita, Waseme amekufa, Tutaona amekufa, nikisema namfaidisha nani. Lakini ule mkono uliorudi mfukoni haukuniacha.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta anapasua mianzi ya kutengenezea zizi la ndama. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikayapoteza yote. Nikasema tu, "Babu, macho yako hayakukosea. Mimi nilimpaka siagi."

Panga likasimama kwenye mwanzi.

"Nani?"

"Tutaona. Siku ile ya jani."

Hakuinua kichwa. "Siagi gani?"

"Ya bibi. Ya kibuyu."

"Ulimpaka wapi?"

"Shingoni."

"Mbele au nyuma?"

"Nyuma. Pale anapong'atwa."

 Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. "Kwa hiyo Waseme alikwenda kwanza kwa yule mweusi."

"Ndiyo, babu. Alikuwa ameshamwinamia."

"Amemwinamia," akarudia. Akamaliza kupasua ule mwanzi, sawasawa kabisa, akauegemeza ukutani na kuingia ndani. Nilisikia anamwambia bibi kitu kwa sauti ya chini. Alipotoka alikuwa amevaa koti na buti, kofia kichwani. Akapita mbele yangu.

"Wewe, vaa viatu. Twende Lupepo."

Wewe. Si bibi mdogo. Bibi akatokea mlangoni, "Na chai?" Babu akamjibu, "Nikirudi." Bibi alinitazama mimi. Sikuweza kujua anafikiri nini, na mpaka leo sijamuuliza.

Tulipanda pikipiki moja, dereva, babu katikati, mimi nyuma. Njia nzima uso wangu ulikuwa kwenye mgongo wa lile koti, lile lile alilombebea Waseme, linanukia moshi. Hakuzungumza nami. Dereva akijaribu kupiga stori, babu alimjibu kuhusu barabara. Lakini alikuwa amekaa wima. Mashimo yale yote, na mzee amekaa wima kama kijana anayepelekwa kuposa.

Fundi wa majembe alikuwa yupo, amezeeka, amekaa karibu na mivukuto yake ambayo sasa anaitumia kwa mapanga tu. Kabla hatujashuka vizuri mbwa akatubwekea, wa kijivu, masikio yameanguka.

"Nyamaza wewe," fundi akamwambia mbwa. Halafu akamwona babu. "Ehe. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Nimekuja kumuulizia yule mtoto uliyemchukua kwenye kikapu."

"Mgeni? Ndilo jina tulilompa." Fundi akacheka, akafuta mikono. "Mgeni, mzee wangu, alikufa mwaka juzi, kwa uzazi. Yule hakuwa mbwa, yule alikuwa ugonjwa wa nguruwe. Tulidhani ni bubu. Mke wangu akasema mzee wa Lufingo katupa kilema. Siku aliyoingia shambani mara ya kwanza, hata hatukusikia kitu. Tulikuta nguruwe amebanwa kwenye jiwe na yeye amekaa mbele yake anamtazama tu, anamtazama kama mwalimu wa zamu. Miaka yote ile viazi vyetu havikuguswa. Nilitaka nije nikushukuru, nikasikia miguu inakuuma."

"Haiumi," babu akasema.

Nilikuwa nimemtazama babu usoni wakati fundi anasema. Sijui nikuelezeje. Kama mtu aliyeambiwa avue koti zito ambalo alisahau kuwa amelivaa. Akaomba maji, akanywa yote.

"Alizaa?"

"Alizaa na hawa wa barabarani, angezaa na nani mwingine. Huyu wa kijivu ni binti yake. Naye ana wanne, chini ya kihenge, wametembea juzi."

Babu akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu nyumbani. "Kata jani la mgomba."

Nikakata. Nikalitandaza kwenye nyasi, bado zina umande kwa sababu ukungu haukuwa umepanda. Fundi akamfungia mama jikoni. Nikataka kuwachukua watoto, babu akasema, "Ngoja. Onyesha mikono."

Nikaitoa mikono. Akaishika yote miwili, akaigeuza, akainamisha uso na kuinusa. Kidole kwa kidole. Fundi alikuwa anatutazama, hajui kitu. Nilitamani ardhi ifunguke, lakini mikono sikuirudisha nyuma.

"Haya. Wapange."

Nikawapanga. Mmoja, nakuambia, alikuwa na makunyanzi. Nikasimama mbele ya babu safari hii, si nyuma yake, mikono nikaiacha ining'inie wazi. Watoto wakaanza kulia kwa baridi. Fundi akafungua mlango.

Mama akatoka mbio, akawakuta. Akawanusa wote. Akazunguka jani mara mbili.  Kisha akajilaza palepale, juu ya jani lililolowa, ubavu kwenye umande, na wote wanne wakamvamia na kunyonya. Akatutazama na kutikisa mkia.

"Huyu anapenda kulala," fundi akasema.

Babu alichuchumaa. Alimtazama kwa muda mrefu, akainua ngozi ya shingo ya yule mwenye makunyanzi, akaiachia. Nilidhani atasikitika. Alizungumza kama anayesoma jina kwenye bango.

"Mama mzuri. Watoto wazuri. Ila wale wa zamani wamekwisha." Akasimama, magoti yakalia. "Siyo macho yangu. Wale ndio wamekwisha."

Unaelewa? Kwa miaka saba alidhani amepofuka. Nilimrudishia macho, na kitu cha kwanza alichokiona nayo ni hicho.

Tulirudi vilevile, mimi mgongoni. Tulipofika njia panda ya kwenda Igogwe alimwambia dereva asimame. Akamuuliza kama anamjua kijana mmoja mwenye ndoo, dereva akasema anamjua, wanakaa kijiwe kimoja. "Mwambie arudi. Na aje na mama yao, ndoo haizai. Mwambie msasi sitampatia, hakuna tena. Lakini mlinzi wa nyumba nitamchagulia."

Amekuja leo asubuhi. Babu alikaa kwenye kiti chake, kofia upande, akamsumbua yule kijana kwa maswali mpaka akatokwa na jasho na baridi yote hii. Mimi nilikata jani. Babu hakuninusa mikono, ila aliitazama, na nilijua anaitazama. Baadaye akaniita nilete maji. Alianza, "Bibi," akasita, akamalizia, "leta maji." Nikaleta. Sijui kama lile neno la pili litarudi. Nimelisubiri tangu asubuhi, nadhani ndiyo maana siwezi kukaa.

Mchana, nikiwa nimeshaanza kuandika haya, babu alikwenda zizini, akamvua ndama kengele. Bibi akalalamika ndama atapotea, babu akasema ndama ana mdomo, akipotea atalia. Akang'oa nyasi kavu, akazisokota, akazijaza ndani mpaka ulimi ukakamatwa, akaitundika kwenye msumari juu ya mlango. Imetulia pale sasa. Nilidhani ikinyamaza na mimi nitatulia.

Jioni mbwa wote wa Lufingo wanabweka, mmoja anaanza upande wa chini, wanapokezana mpaka juu kwenye parachichi. Jumatatu narudi shule. Nimekaa na kalamu, najikuta simsikilizi yeyote kati yao, namsikiliza yule asiyebweka. Labda kuna mmoja amebaki mahali, chini ya kihenge cha mtu, anatazama mvua kwa chuki. Siwezi kujua. Hata angekuwa hapo nje ya mlango nisingemsikia, na kengele yake iko hapa juu yangu, imejaa nyasi.